Sungura Mtulivu wa Bu Paryati

Sungura aliletwa nyumbani kwa Bu Paryati siku ya Ijumaa, wiki tatu kabla ya siku ya posa, ndani ya kizimba cha waya kilichofungwa utepe mwekundu. Aliyemleta alikuwa Galih, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye malori mawili ya mboga na kucha safi kuliko za mtu yeyote mwenye malori. Alitandaza gazeti juu ya meza ya sebuleni ili isichafuke, akakiweka kizimba, kisha akainama kuubusu mkono wa mama mkwe wake mtarajiwa.

"Ni wa Wening, Ibu," alisema, akimwita mama tayari. "Asiwe mpweke nikiwa safarini."

Sungura alikuwa jike wa kijivu, ncha ya sikio la kushoto imechanika. Alikaa katikati ya kizimba, miguu yote minne ameificha chini ya tumbo, mgongo umevimba juu, macho yamefumbwa nusu. Karoti iliwekwa mbele yake, hakuinusa. Upepo uliubamiza mlango, hakugeuka.

"Mtulivu kweli," alisema Bu Paryati.

Katika mji wa Tawangmangu, kwenye mteremko wa Mlima Lawu ambako ukungu hushuka saa nane mchana na kukaa mpaka kesho yake, hakuna sifa inayoipita hiyo. Mtoto mchanga asiyelia ni mtulivu. Mkwe asiyejibu ni mtulivu. Mgonjwa aliyelala wiki nzima bila kumsumbua mtu, watu humtembelea na kusema amejaliwa utulivu.

Na Bu Paryati alikuwa mtaalamu wa jambo hilo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepamba maharusi wa mji huo na wa vijiji vya chini yake. Alinyoa vinyweleo vya paji la uso kwa wembe, akachora nakshi nyeusi pembezoni mwa nywele, akafunga kibwebwe kirefu kiunoni mpaka bibi harusi hawezi kuvuta pumzi zaidi ya nusu. Siku moja kabla ya kila arusi alifunga saumu, kwa sababu bahati ya mpambaji huaminika kumwingia anayepambwa. Kila bibi harusi alimpa maagizo yaleyale: shusha macho, usichezeshe vidole, usionyeshe meno, pumua juu juu. Yeye mwenyewe aliagizwa hivyo akiwa na miaka kumi na tisa, na aliolewa bila kutamka neno lolote mbele ya watu. Ndoa ilidumu miaka ishirini na miwili, mpaka mumewe alipofariki. Alipoulizwa ilikuwaje, alijibu kwamba mume wake hakuwa mtu wa kelele.

Galih alifungua kizimba, akamshika sungura kwa ngozi ya shingo na kumlaza chali juu ya mkono wake. Mnyama alikakamaa mara moja, kisha akaacha. Miguu ilibaki juu, kichwa kikaning'inia.

"Ona, Ibu. Nimemfundisha. Nikimlaza hivi analala papo hapo."

"Ajabu!" alisema Bu Paryati, na akacheka.

Wening, bintiye wa pekee, alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Alisimama mlangoni mpaka Galih alipomrudisha mnyama kizimbani. Ndipo akaja, akapiga magoti, akaweka vikombe. Chai haikumwagika hata tone.

Kufikia Jumatatu sungura alikuwa hajala. Choo chake kilikuwa punje tatu ndogo kama pilipili manga. Bu Paryati alimpakata mapajani na kumsikia akisaga meno, sauti nzito, kama mtu anayesaga kokoto chumba cha pili. Alimwambia jirani kwamba sungura amezoea, anakoroma kwa raha kama paka. Lakini mkono wake uliokuwa juu ya mgongo wa mnyama ulihisi ugumu asioupenda. Alivaa koti, akashuka mpaka kwa Kang Jumadi.

Kang Jumadi alichoma mishikaki ya sungura karibu na soko, kama baba yake kabla yake. Mbele ya kibanda aliweka vizimba vya wadogo wenye manyoya, kwa watoto wa wageni wanaotaka wa kufuga. Nyuma lilikuwa jiko, kwa wazazi wao. Hakuona tatizo katika mpangilio huo.

"Kang, sungura wako wanakula nini?"

"Wanakula majani mpaka saa kumi. Baada ya hapo wanaliwa wao."

"Acha mzaha. Nina mmoja nyumbani, zawadi ya Wening. Mtulivu mno, ila hali."

Jumadi aliendelea kupepea makaa. "Mtulivu vipi?"

Bu Paryati alimweleza: miguu chini ya tumbo, macho nusu, hashtuki, anasaga meno.

Upepeo ulisimama. "Anasaga polepole, tik-tik-tik, au anasaga kama ana hasira na dunia?"

"Kwa nguvu. Anafurahi."

"Bu Par, huyo hafurahi. Huyo anaumwa, tena sana. Kesho ikipita hajala, njoo nikupe mkaa umchome mwenyewe. Hapana, usimchome, nyama ya namna hiyo hailiki." Alimwita mkewe ashike jiko, akakata fungu la majani mabichi, akapanda naye mteremko.

Sebuleni hakumgusa mnyama kwanza. Alichuchumaa mbali, akatazama kwa muda mrefu kuliko Bu Paryati alivyotarajia.

"Nani kamweka mezani? Mteremshe chini. Mtafutie boksi lenye milango miwili, asijione amezibiwa. Na usimnyanyue. Kila kinachomnyanyua sungura kinakwenda kumla."

"Mbona Galih humlaza chali, naye analala?"

"Halali. Anajifanya maiti." Jumadi alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Ndiyo silaha yake ya mwisho, hana nyingine. Wangu nao hufanya vilevile nikishamshika wa kuchinja. Sungura ni chakula cha kila mtu, Bu Par. Chakula kikiumwa hakipigi kelele. Kikipiga kelele, mwewe anajua kilipo."

"Wewe umeyajulia wapi yote hayo?"

"Mimi si ndiye mwewe?"

Bu Paryati alicheka kidogo. Jumadi hakucheka, alikuwa amesogea na kuona sikio.

"Huyu namjua. Sikio hili alilichana kwenye waya wa banda langu. Nilimuuzia binti mmoja wa huko Matesih, mwaka juzi. Siku ile mnyama huyu alikuwa anaruka hewani na kujipinda kiuno kama mwendawazimu. Sungura mwenye furaha huwa hana adabu kabisa."

"Binti wa Matesih?"

"Alikuwa na mchumba. Mtu wa malori, ndiye aliyemlipia. Uchumba ukavunjika, zawadi nadhani zikarudi. Binti yuko Taiwan sasa, anafanya kazi za ndani. Zaidi ya hapo sijui, na sipendi kusema nisichokijua."

"Watu huachana, Kang."

"Huachana, ndiyo." Alianza kulisugua tumbo la mnyama kwa vidole viwili.

Kwa siku mbili Bu Paryati alimnywesha maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamsugua tumbo kila saa kama alivyoonyeshwa. Jumatano asubuhi alikuta majani yamepungua, na choo kimejaa kona. Alifurahi kuliko alivyokuwa amefurahia jambo lolote mwaka huo, na akaona aibu kidogo.

Tangu siku hiyo aliketi sakafuni kila alasiri, mgongo ukutani, akingoja. Alikuwa ameketisha maharusi zaidi ya mia sita. Yeye mwenyewe hakuwa ameketi hivyo, bila kazi mkononi, tangu utotoni. Alijifunza polepole. Sikio moja mbele na moja nyuma: anasikiliza huku na huku, hajaamua. Pua inayokwenda mbio: ana wasiwasi au anachunguza. Pua iliyosimama kabisa: hofu imempita kimo. Kidevu kikisuguliwa kwenye mguu wa kiti: hiki changu. Siku ya nane sungura alikuja akasugua kidevu kwenye kisigino cha Bu Paryati, naye hakuthubutu kuuhamisha mguu hadi ukafa ganzi.

Siku ya tisa alimpigia simu Jumadi huku analia.

"Amekufa, Kang! Alikuwa anakula, mara akaanguka ubavu, puu, kama gunia!"

"Macho yake yakoje?"

"Yamegeuka, naona weupe!"

"Mguse mguu."

Bu Paryati alimgusa. Sungura aliinuka, akamtazama kama mtu aliyeamshwa na mgeni asiyealikwa, akasogea hatua tatu na kujiangusha tena.

Upande wa pili wa simu Jumadi alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Hongera, Bu Par. Amekuamini. Mimi miaka ishirini na tano, hakuna hata mmoja aliyeniangukia hivyo."

Galih alirudi kutoka Surabaya siku ya Alhamisi. Bu Paryati alikuwa sakafuni. Sungura alikuwa amelala, miguu ya nyuma ameinyoosha. Ghafla aliinuka, akapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pigo moja, kama nazi imedondoka. Bu Paryati hakusikia kitu. Zilipita pumzi kumi hivi ndipo pikipiki ikasikika chini kwenye kona ya msikiti. Ilipofika getini sungura alikuwa ameshaingia kona ya boksi, miguu chini ya tumbo, mgongo juu, macho nusu.

Mtulivu.

Jikoni, Wening alikuwa akiosha vyombo. Sasa alikuwa ameyafunga maji.

Bu Paryati alitaka kuamini kwamba ni sadfa tu. Jumamosi Galih alikuja tena, na pigo likaja kabla ya pikipiki, na maji yakafungwa. Jumanne hakukuwa na vyombo vya kuosha. Wening alikuwa anakunja nguo, pigo likaja, akaacha fulana moja mkono mmoja umekunjwa, mwingine unaning'inia.

Basi akaanza kumtazama bintiye, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kwa sababu alidhani anamjua. Wening alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mpaka Novemba alifundisha watoto wadogo nyimbo na herufi katika shule ya chekechea. Aliacha kwa kuwa Galih hakupenda awe njiani kila siku, na Bu Paryati alikuwa amesifu, akisema kijana anajali. Sasa aliona kwamba Galih akiwepo, viwiko vya Wening hubanwa kwenye mbavu. Miguu yote miwili huwa nyuma ya miguu ya kiti. Akicheka, macho hutangulia kwenda kwa Galih na kurudi, ndipo kicheko kitoke.

Galih hakufanya lolote ambalo mtu angeweza kumwambia mwenzake. Alizungumza kwa upole kila mara. Alimwondolea Wening unywele usoni kwa kidole kimoja, akauweka nyuma ya sikio, akauliza mbona simu ilikuwa haipokelewi saa tano. Bu Paryati alikuwa amefunga vibwebwe miaka thelathini na moja, na pumzi ya mwanamke ilikuwa ndiyo kazi yake. Alitazama kifua cha bintiye. Hakikupanda. Alihesabu mpaka kumi na nane, Galih akaondoa kidole, kikapanda.

Galih alipoondoka, Bu Paryati aliuliza, "Nduk, mwanangu, Galih anakutendea vyema?"

"Vyema, Ibu."

Jibu lilitoka haraka mno, kama kitu kilichokuwa mlangoni kimevaa viatu tayari.

Zilibaki siku tano. Jamaa arobaini walishaalikwa, wengine kutoka Wonogiri. Mashangazi walishaanza kupika. Na kulikuwa na jambo alilolifikiria akiwa peke yake na hakulipenda: mpambaji ambaye uchumba wa bintiye umevunjika posa ikiwa mlangoni, ni mama gani atampelekea binti yake ampambe? Kwa lipi? Kwa macho ya sungura? Alijaribu kuyasema kwa sauti, jikoni, peke yake, na yalisikika kama maneno ya mtu wa kupelekwa kwa daktari.

Jumapili saa nne asubuhi ukungu ulikuwa haujaja. Alimvika Wening mwenyewe. Alifunga kibwebwe, na bila kukusudia mdomo wake ukasema, "Shusha macho. Pumua juu juu." Alijisikia akisema. Mikono ikasimama kwenye kitambaa. Kisha akakifungua kibwebwe chote na kukifunga upya, kimelegea.

Waposaji walikuja na sinia kumi na mbili: batiki, keki za wali wa nazi, ndizi kichane kizima, viatu, sabuni, pete katika kiboksi cha kioo. Mshenga alikuwa mjomba wa Galih, Pak Sudarmo, karani mstaafu wa wilaya, mtu wa haki mwenye sauti nzuri ya kipaza sauti. Galih alivaa batiki ya kahawia na kumbusu mkono kila aliyestahili. Sungura alikuwa ndani ya boksi lake nyuma ya kabati la nguo za maharusi. Bu Paryati hakuhitaji kwenda kuona amekaaje.

Pak Sudarmo alizungumza kwa robo saa. Mwishoni aliuliza kama ilivyo desturi: je, binti amekubali?

Wening alishusha macho. Wageni walitabasamu. Pak Sudarmo alingoja muda unaostahili, kisha akageukia watu. "Amenyamaza. Kwa desturi yetu hilo ni jibu, na ni jibu zuri."

"Samahani, Pak," alisema Bu Paryati. "Naomba alitamke."

Shangazi mmoja alimgusa goti. "Dada, unamtia mtoto aibu."

"Aone aibu, mimi ndiye mama. Nduk, sema kwa mdomo wako."

Kabla ya kusema, macho ya Wening yalikwenda kwa Galih, yakakaa hapo, yakarudi. Pua yake ilikuwa haichezi.

"Mimi namfuata Ibu," alisema.

Watu walipumua. Ni jibu la binti mwenye malezi. Bibi zao walilitoa, mama zao walilitoa. Pak Sudarmo alifungua mdomo ili afunge shughuli.

"Kama ananifuata mimi," alisema Bu Paryati, "basi mimi nakataa."

Hakuna aliyepiga kelele. Huko watu hawapigi kelele. Kijiko kiliwekwa kwenye kisahani. Mtoto wa mtu aliuliza tunakula saa ngapi, akazibwa mdomo. Pak Sudarmo aliuliza, kwa heshima, kama kuna kosa upande wao. Bu Paryati alijibu kwamba hana kosa la kutaja mbele ya watu, na kwamba anawaomba radhi kwa safari, na kwamba jibu ni hilo. Sauti yake ilitetemeka kwenye neno "safari" tu.

Wakati sinia zinapakiwa, Galih alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu halikuwa limebadilika kwa unywele mmoja tangu alipoingia.

"Na sungura wangu, Ibu," alisema. "Zawadi hurudi zote."

Bu Paryati alimgeukia Pak Sudarmo. "Wewe ndiye mshenga, Pak. Desturi inarudisha nini?"

Mzee alifikiri. Alikuwa ameaibishwa, lakini alikuwa karani. "Hurudi kilichokabidhiwa na mshenga. Mimi sikukabidhi sungura yeyote." Alimtazama mpwa wake kwa namna iliyoonyesha kwamba hii haikuwa mara ya kwanza kurudi na sinia. "Panda gari, Galih."

Galih hakwenda garini. Alizunguka nyuma ya kabati, akachuchumaa, akaingiza kidole kimoja ndani ya boksi. "Mnyama mzuri," alisema. "Hajasahau." Kisha aliinuka, akasimama mbele ya Wening, akasema kwa upole uleule kwamba atamtembelea mambo yakipoa. Akaondoka.

Jamaa walikula haraka na kuaga mapema. Saa saba nyumba ilikuwa tupu. Wening alikuwa sakafuni karibu na boksi, bado amevaa kebaya, blauzi yake ya sherehe. Mabega yake yalianza kutikisika, kwanza kidogo, kisha mwili wote, na meno yakagongana. Bu Paryati aliketi kando yake bila kumgusa, kama alivyokuwa amejifunza kuketi.



"Ibu," alisema Wening. "Ana ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa mlango wa jikoni. Aliuomba mwezi wa kumi na mbili. Huwa anaingia ukiwa kwenye arusi za watu."

Bu Paryati alitazama mlango wa jikoni, akatazama saa ya ukutani, akahesabu arusi alizopamba tangu Desemba. Zilikuwa kumi na moja. Aliinuka, akasukuma kabati la nguo za maharusi mpaka likaziba mlango huo. Kazi ya wanaume wawili aliifanya peke yake, vioo vikigongana ndani. Kisha akampigia Kang Jumadi.

Jumadi alifika na bisibisi, nyundo na kitasa kipya ndani ya karatasi ya duka, bado ananuka moshi. Alilisogeza kabati, akaanza kung'oa kitasa cha zamani. Ukungu ulikuwa umeshajaa uani hata ukuta wa jirani hauonekani, na kila alipoacha kugonga, wote watatu walisikiliza. Alifunga skrubu ya mwisho, akaujaribu mlango mara tatu, akavunja kifurushi cha funguo.

"Zimekuja tatu," alisema. "Nampa nani?"

Bu Paryati alitaka kujibu, lakini Wening alitangulia.

"Mmoja wa Ibu, Kang. Mmoja wangu. Wa tatu uvunje."

Jumadi aliuweka kwenye kizingiti cha saruji na kuinua nyundo.